Kabla hamjapanda jukwaani, wajueni waliolivaa hilo taji kabla yenu

Shikamooni wazazi mliokaa huku mbele, wanakamati habari za mchana, na nyie wanangu mnaogombea taji la urembo karibuni sana kambini.

Kwa wasionifahamu, mimi ni fundi nguo hapahapa Morogoro, nimeshona magauni ya warembo wa mkoa huu miaka mingi, kuanzia yale ya mashindano ya vitongoji mpaka yaliyofika jukwaa la taifa kule Dar. Kamati waliponiomba niongee na nyie nadhani walitegemea niongelee mavazi. Mavazi tutayaongelea baadae nikiwa na futi mkononi. Leo kuna kitu kimenikaa rohoni tangu jana, mana jana wale watano mliotangulia kufika niliwauliza swali moja tu, Miss Tanzania wa kwanza alikuwa nani? Mmoja akasema Wema. Mwingine akasema Hoyce Temu. Watatu wakanyamaza wakaniangalia.

Siwalaumu hata kidogo, hakuna aliyewafundisha. Ila haikai sawa binti kwenda kugombea kiti na hajui nani amekikalia kabla yake.

Wa kwanza anaitwa Theresa Shayo, mwaka 1967. Liandikeni hilo jina, wenye simu andikeni kwenye simu.

Na huo mwaka wenyewe mzee wangu pale anatikisa kichwa, anaukumbuka. Februari 1967 ndio Azimio la Arusha, nchi nzima ni ujamaa na kujitegemea, ni jembe, ni kijiji, ni kukataa unyonge, bara tuna miaka kama mitano tu tangu tupate uhuru na Muungano wetu haujafikisha hata mitatu, alafu mwaka huohuo binti anapita jukwaani anavishwa taji la Miss Tanzania. Hivyo vitu viwili havikuelewana. Mwaka uliofuata, 1968, serikali ikayapiga marufuku mashindano kwamba hayaendani na utamaduni wetu. Na ilipofika Oktoba mwaka huohuo vijana wa TANU Youth League wakatangaza Operesheni Vijana, yaani sketi fupi marufuku, mawigi marufuku, krimu za kujichubua marufuku, suruali za kubana marufuku, mwisho wa kuvaa ni kuingia mwaka 1969. Kuna mabinti walifukuzwa na kushambuliwa mitaani Dar kwa sababu ya urefu wa sketi kabla hata hiyo tarehe haijafika.

Mimi sisemi wazee wale hawakuwa na hoja. Walikuwa wametoka kutawaliwa juzi tu, walikuwa wanaitafuta sura ya nchi yao, na krimu za kujichubua hata mimi nazipinga mpaka leo, binti akija kwangu uso umebabuka huwa namwambia ukweli. Lakini naomba muone kitu kimoja, sura ya nchi ilipotafutwa ilitafutwa kwenye mwili wa nani? Ugomvi ulianzia hapo na haujaisha. Kila taji linapowekwa kichwani kwa binti watu wanarudi kwenye swali lilelile, msichana wa Kitanzania ni yupi, anatakiwa aonekane vipi, na mwenye ruhusa ya kulisema hilo ni nani. Nikiwasimulia hii historia mtaona swali linavyorudi kila mara na sura mpya, na mtaona wasichana wenyewe walivyolijibu, wengi wao wakilijibu miaka mingi baada ya taa za ukumbi kuzimwa.

Basi tangu taji la Theresa ikapita miaka 27. Hebu fikirieni, binti aliyezaliwa mwaka wa marufuku alikuwa na miaka 26 mashindano yanarudi, yaani kizazi kizima cha wasichana kilipita hapo katikati.

Yakarudi 1994. Kwanini 1994? Kwasababu nchi ilikuwa imeshageuka, biashara binafsi zimefunguliwa, vyama vingi vimeanza 1992, na mwaka huohuo wa 94 ndio ITV nayo inaanza kurusha matangazo, watu wa bara ndio kwanza wanaanza kuangalia televisheni ya kwao majumbani. Kampuni ya Lino chini ya Hashim Lundenga, ambaye warembo wengi walimuita anko, ikachukua uandaaji na ikakaa nao zaidi ya miaka 20. Mshindi wa 1994 ni Aina Maeda. Akafuata Emily Adolf 1995, Shose Sinare 1996, Saida Kessy 1997, Basila Mwanukuzi 1998. Jina la Basila likaeni nalo kichwani, nitalirudia.

Sasa wazazi naomba niongee na nyie kidogo, mana najua wengine mmekuja hapa roho haijatulia. Mshindi wa Miss Tanzania ndiye anayekwenda Miss World, mashindano yaliyoanza London mwaka 1951, yaliyoanzishwa na Eric Morley, na miaka yote hiyo vazi la kuogelea ndio lilikuwa linagombanisha wazazi wa Kitanzania na mabinti zao. Miss World wenyewe walitangaza kuliondoa, kuanzia 2015 halipo kwenye jukwaa lao. Lakini kabla ya hapo mimi nilishuhudia mengi. Kuna usiku mmoja, mashindano ya kitongoji, nipo nyuma ya jukwaa nabana namba kwenye gauni la binti mmoja, mikono yake inatetemeka mpaka pini inaruka, viatu ni vya dada yake, vikubwa, nimevijazia karatasi za chooni kwa mbele ili visivuke. Akaja mlinzi akaniambia fundi kuna mzee getini anamtaka mwanae, hataki kuingia wala hataki kuondoka. Nikatoka. Mzee amevaa koti, jasho linamtoka, ananiuliza swali moja tu, "Mama, mwanangu anavaa nini huko ndani?" Sikumjibu. Nikarudi nikachukua gauni lake la jioni ambalo lilikuwa bado limefungwa kwenye mfuko, nikamfungulia palepale chini ya taa ya geti. Yule mzee akashika upindo, akageuza ndani akaangalia bitana, akapitisha kidole kwenye mshono wote kuanzia kwapani mpaka chini, taratibu, kama mtu anayesoma barua. Kumbe na yeye aliwahi kuwa fundi cherehani. Akanirudishia akasema, "Huu mshono umetulia." Hakuingia ukumbini. Ila alikaa kwenye lile benchi la mlinzi mpaka saa nane usiku tukamaliza, akaondoka na mwanae aliyeshika nafasi ya nne.

Nawasimulia wazazi hili kwasababu yule mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Ulizeni. Njooni kambini, muulizeni matroni mabinti wanalala wapi, wanarudi saa ngapi, nani anaingia na nani haingii. Binti anayejua baba yake anauliza maswali anakuwa mgumu kudanganywa na mtu anayejifanya ana njia ya mkato ya taji. Hiyo njia haipo, na anayeitaja mbele yako mlete kwangu au kwa matroni hukohuko usiku.

Tuendelee. 1999 ni Hoyce Temu. Nyie wadogo mlimjua kwenye televisheni kwenye kipindi cha Mimi na Tanzania, anatafuta watu wenye shida, wagonjwa, watoto wasio na msaada, anawapeleka mbele ya macho ya nchi. Akafanya kazi na Umoja wa Mataifa, na mwaka 2021 akateuliwa kuwa balozi, naibu mwakilishi wa kudumu wa Tanzania kwenye ofisi za Umoja wa Mataifa kule Geneva. 2000 ni Jacqueline Ntuyabaliwe, ambaye kwenye muziki alijulikana kama K-Lynn, baadae akaingia kwenye ubunifu wa fenicha.

2001. Hapa nitakaa.

2001 ni Happiness Magese, dunia inamjua kama Millen Magese. Alituwakilisha Miss World kule Sun City Afrika Kusini, mwaka ambao Mnigeria Agbani Darego aliondoka na taji la dunia. Millen akabaki kwenye uanamitindo, Afrika Kusini, baadae New York, picha kubwa, majukwaa makubwa. Ukimwangalia kwenye picha zile huwezi kujua chochote. Lakini yule dada tangu akiwa msichana mdogo alikuwa anaumwa tumbo la hedhi, sio lile la kunywa panadol ukalala, ni maumivu ya kumwangusha chini. Ni ugonjwa unaitwa endometriosisi, yaani nyama inayofanana na ile ya ukuta wa ndani wa mji wa mimba inaota nje ya mji wa mimba, kwenye mirija, kwenye vifuko vya mayai, hata kwenye utumbo, na kila mwezi nayo inavimba na kuvuja damu kama iliyo ndani, ila hii haina pa kutokea. Amefanyiwa upasuaji zaidi ya mara 10. Akaambiwa kupata mtoto itakuwa ngumu sana. Na mwanamke wa hapa kwetu akiambiwa hivyo mnajua anachofanya, ananyamaza, anafunga mlango.

Yeye akasimama akalisema hadharani. Akaanzisha taasisi yake, akaja mpaka hapa nyumbani kuongea na mabinti mashuleni kwamba maumivu ya namna hiyo sio kawaida, sio kudeka, sio kurogwa, nenda hospitali. Na mwaka 2017 akapata mtoto wa kiume. Mimi siku niliyosikia ile habari niliacha cherehani nikalia, sijui niseme nini, mana nilikuwa na mdogo wangu ambaye miaka yote tulikuwa tunamwambia avumilie, kila mwanamke anavumilia. Tulikuwa tunamkosea. Kwahiyo mtu akiniuliza taji la 2001 lilifanya nini, mimi najibu kwamba lilimpa mtu mmoja sauti ambayo ilifika mpaka chumbani kwa mdogo wangu.

Nikipita haraka, Angela Damas 2002, Sylvia Bahame 2003, Faraja Kotta 2004. Faraja huyu ndiye mwanzilishi wa Shule Direct, wale wa masomo ya sekondari kwenye intaneti na simu, naona wengine mmetabasamu, mmesomea hukohuko.

2005 Nancy Sumari. Desemba mwaka ule Miss World ilikuwa Sanya, China, nchi zaidi ya 100. Sisi tulizoea mrembo wetu anaenda anapunga mkono anarudi. Nancy akaingia sita bora! Akatangazwa Miss World Africa, mrembo wa bara zima, na alikuwa na miaka 19 tu. Wateja wangu wengi mpaka leo wanakuja wanasema fundi nataka nisimame kama Nancy. Na kilichonifurahisha zaidi ni alichokuja kufanya baadae, kaandika vitabu vya watoto kwa ajili ya watoto wetu, akaanzisha na Jenga Hub ambapo watoto na vijana wanafundishwa kompyuta na kutengeneza programu.

2006 Wema Sepetu, huyu hahitaji utangulizi, akaingia kwenye filamu, na magazeti ya udaku hayakumpa nafasi ya kupumua. Nawaomba mkimtaja mumtaje kwa heshima, mana msichana anabebeshwa hukumu ya nchi nzima akiwa bado hajafika hata miaka 20, ni mzigo mzito na kesho unaweza kuwa wako. Nyuma yake mwaka ule alikuwepo Jokate Mwegelo kama mshindi wa pili. Jokate hakuvaa taji, wanangu. Akafanya filamu, akafanya biashara kwa jina la Kidoti, 2018 akateuliwa mkuu wa wilaya ya Kisarawe na akaanza kuhangaika na watoto wanaopata ziro mtihani wa kidato cha nne, na shule ya sekondari ya wasichana ikajengwa kulekule Kisarawe. Wale ambao siku ya fainali hamtasikia jina lenu likiitwa la kwanza, mkumbukeni huyo usiku uleule kabla hamjaanza kulia na kuharibu meikapu.

2007 ndio mwaka ambao swali langu lilirudi kwa nguvu zote, na lilirudi mara mbili.

Miss Tanzania alishinda Richa Adhia, binti wa familia yenye asili ya India. Maneno yakawa mengi mno. Huyu sio Mtanzania, huyu hatuwakilishi, tumempeleka Mhindi. Niliyasikia hata kwenye kibanda changu kutoka kwa wateja ambao nawapenda na kuwaheshimu. Nikawauliza, amezaliwa wapi? Hapa. Passport yake ya nchi gani? Ya hapa. Sheria za mashindano amevunja ipi? Kimya. Nchi hii ina Wamakonde na Waarabu wa Pemba na Wagogo na Wahindi wa Kariakoo wanaoongea Kiswahili kizuri kuliko changu, na Mwalimu alitufundisha tusibaguane, sasa tulitaka taji lichague rangi? Mimi niliona aibu kwa niaba yetu.

Na mwaka huohuo, kwenye mashindano mengine, ndio Miss Universe Tanzania inaanza na anashinda Flaviana Matata, mwanafunzi wa mambo ya umeme. Kichwa kimenyolewa. Huku nyumbani wengine wakasema huyu vipi, mrembo gani hana nywele. Jamani! Kichwa kile ndicho kichwa cha kila msichana aliyesoma shule ya serikali nchi hii, sisi wote tumekaa foleni tumenyolewa tukaenda darasani, kama kuna kichwa cha msichana wa Kitanzania basi ni kile. Akaenda nacho Mexico City hivyohivyo, katikati ya wasichana wenye nywele mpaka kiunoni, akaingia kumi bora na kushika nafasi ya 6. Huyu ni mtoto aliyempoteza mama yake kwenye ajali ya meli ya MV Bukoba mwaka 1996. Leo ana taasisi inayosomesha wasichana.

Baada ya hapo wakaja kina Nasreen Karim, Miriam Gerald, Genevieve Emmanuel, Salha Israel. Brigitte Alfred wa 2012 alihangaikia bweni la watoto wenye ualbino Buhangija kule Shinyanga, kipindi ambacho watoto wale walikuwa wanawindwa kama wanyama na usalama wao wa usiku ulikuwa ni huo ukuta. Happiness Watimanywa 2013.

Alafu 2014. Nitalisema kwa sababu mngesikia vijiweni. Alishinda Sitti Mtemvu, yakaanza maneno kuhusu umri wake, magazeti kila siku, na mwisho mwenyewe akaandika barua akalirudisha taji, akalipokea Lilian Kamazima. Baraza la Sanaa, yaani BASATA, likayasimamisha mashindano, na 2015 ikapita bila Miss Tanzania. Simhukumu mtu hapa. Nachowaambia ni kwamba fomu zenu mtajaza kesho asubuhi, andika tarehe yako ya kuzaliwa kama ilivyo kwenye cheti, na kama kuna mtu amekwambia punguza mwaka mmoja tu hakuna atakayejua, mwambie fundi amekataa.

Yakarudi 2016, tena fainali ikafanyika Mwanza, akashinda Diana Edward. Yakayumba tena kidogo. Na 2018 ndio nilipotaka kufika.

Mnamkumbuka Basila Mwanukuzi niliyewaambia mmtunze kichwani, wa 1998? Miaka 20 baada ya kuvishwa taji alirudi, safari hii kama mwandaaji, kampuni yake ya The Look ikayachukua mashindano ya Miss Tanzania yote. Aliyewahi kusimama pale akisubiri jina lake liitwe akawa ndiye anayeshika orodha. Anayajua yale mapini, anaijua ile baridi ya ukumbi ukiwa na gauni la mgongo wazi, anajua swali la jaji linavyopotea masikioni ukiwa na woga. Mshindi wa kwanza chini yake akawa Queen Elizabeth Makune. Kwangu mimi hiyo ndio habari kubwa kuliko zote kwenye historia hii, kuliko hata ile ya Sanya, mana miaka 50 nzima walioamua msichana wa Kitanzania asimame vipi walikuwa watu wengine, akina sisi tunaosimama pembeni, na safari hii aliyeamua ni mmoja wa wasichana wenyewe.

Sasa nyie mpo kumi na wawili hapa. Jaji atawauliza maswali mtakayokaririshwa, sawa. Mimi nina la kwangu nalowauliza kila mmoja nikiwa nampima, na sitaki jibu la jukwaani, nataka la kweli. Nyumbani kwenu kuna kitu gani ambacho wanawake wananyamazia? Mwaka jana binti mmoja alinijibu kwa dakika arobaini, nikasahau hata kuandika kipimo cha kiuno, ikabidi nimpime upya.

Chakula nasikia kipo tayari. Mkimaliza njooni kile chumba cha nyuma mmojammoja, aanze mwenye namba moja, na kila mtu aje na viatu atakavyovaa siku yenyewe, mana siwezi kukata urefu wa gauni umesimama na ndala. Mwenye viatu vya dada yake aniambie mapema, karatasi ninazo.